Harakati Isiyo na Kiongozi Ina Wenye Funguo

Kampuni inaposusiwa na wateja wake, swali la kwanza ambalo wakubwa wake hujiuliza ni la kiutendaji tu: tuzungumze na nani? Mwaka 2018 nchini Moroko swali hilo halikupata jibu. Tarehe 20 Aprili, kurasa za Facebook ambazo wenyewe hawakujulikana zilitoa wito wa kususia bidhaa tatu kwa mpigo: maji ya chupa ya Sidi Ali, mafuta ya vituo vya Afriquia na maziwa ya Centrale Danone. Hakukuwa na chama, ofisi, msemaji wala tamko lenye saini ya mtu. Waziri wa fedha aliwaita wasusiaji watu waliozubaa, na kauli hiyo ikazidisha hasira badala ya kuipoza. Waziri mwingine alijiunga na wafanyakazi wa kampuni ya maziwa katika maandamano yao mbele ya bunge, akaandamwa kwa maneno hadi akaomba mwenyewe aondolewe madarakani. Mwezi Juni mkuu wa Danone duniani, Emmanuel Faber, alisafiri hadi Moroko kuwasikiliza wateja, na mwezi Septemba akatangaza kwamba maziwa yao freshi yangeuzwa kwa bei isiyoiingizia kampuni faida.

Mfano huu huwa nauleta kila ninapoambiwa kwamba bila kiongozi hakuna kinachofanyika. Lakini una upande wa pili, ambao washabiki wa harakati za aina hii huuruka. Afriquia ilikuwa mali ya Aziz Akhannouch, aliyekuwa waziri wa kilimo na wakati huohuo kiongozi wa chama cha siasa. Na aliyeongoza kampuni ya maji ya Sidi Ali alikuwa pia akiongoza shirikisho la waajiri wakati mgomo unaanza. Kwa hiyo wapo waliodai mapema kwamba hasira juu ya bei ilikuwa pazia, na kwamba nyuma yake walikuwapo wanasiasa waliomtaka waziri aanguke. Aliyetoa shutuma hiyo hakuwa na ushahidi wa kuikamilisha, na aliyeikanusha hakuwa na ushahidi wa kuizima, kwa kuwa kule kutojulikana kulikowakinga wenye kurasa ndiko kulikowanyima pia njia ya kujisafisha. Mambo yalipotulia, hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema mgomo umekwisha, wala ya kusema umeshinda. Kila mteja aliamua peke yake mbele ya rafu ya dukani.

Nimekuwa ndani ya harakati kama hizi kwa miaka kadhaa, na katika mojawapo, iliyozuka dhidi ya kampuni ya huduma iliyokuwa ikiwakata wateja ada wasiyoielewa, nilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa kundi. Kampuni sitaitaja, kwa sababu si mada yangu leo. Mada yangu ni kile kilichotumaliza nguvu kuliko kampuni yenyewe, yaani ugomvi wa sisi kwa sisi, na hasa ule uliovaa vazi la uwazi. Watu walidai uwazi wakiwa na haki kabisa ya kuudai. Ila walioudai ulikuwa uwazi wa watu: wewe ni nani, unafanya kazi wapi, umepokea nini, mbona jana ulikuwa kimya. Uwazi wa mambo, yaani nani anashika nini, fedha zimekwenda wapi, uamuzi ulipitishwaje na nani walikuwapo, haukumvutia mtu, maana hauna msisimko. Nimefikia kuamini kwamba harakati isiyo na kiongozi inaweza kuishi miaka bila uwazi wa kwanza, lakini bila wa pili haimalizi msimu.

Yapo maneno yanayosemwa kwa nia njema ambayo lazima tuyaweke kando kwanza, nayo ni kwamba sisi hatuna uongozi wowote. Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake wa Marekani ambaye baadaye alikuwa msomi wa siasa na mwanasheria, aliyajibu maneno hayo mwaka 1970 mbele ya wanaharakati wenzake, katika hotuba iliyochapishwa baadaye na inayosomwa hadi leo na watu ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa. Hoja yake ni kwamba watu wakikaa pamoja kwa muda, mpangilio hujitengeneza wenyewe. Tofauti ni kama mpangilio huo umeandikwa na kila mtu anaufahamu, au umebaki vichwani mwa marafiki wachache wanaopigiana simu kabla ya mkutano. Ukibaki vichwani, mgeni haoni pa kuingilia na aliyekosea hana pa kuwajibishiwa. Aliongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye makali zaidi: harakati isipochagua wasemaji wake, vyombo vya habari huichagulia, kisha harakati humgeukia yule aliyechaguliwa na wengine kana kwamba alijipachika. Mwaka 1976 aliandika tena, safari hii juu ya tabia ya wanaharakati kumvunja mwenzao heshima kidogo kidogo hadi ajitoe, na alikuwa akieleza yaliyomfika yeye mwenyewe.

Freeman alizungumzia vikundi vilivyokutana ana kwa ana. Mtandaoni, mpangilio uliofichika umo ndani ya programu yenyewe, na hapo ndipo kauli ya kutokuwa na kiongozi inapogonga mwamba wa ufundi. Katika WhatsApp, aliyeanzisha kundi hawezi kuvuliwa usimamizi na wasimamizi wengine. Hubaki nao mpaka atoke mwenyewe. Telegram humruhusu mmiliki wa chaneli kumkabidhi mtu mwingine umiliki, lakini uamuzi ni wake. Katika Reddit, jukwaa la mijadala lenye maelfu ya makundi, wasimamizi wamezoea kupangwa kwa foleni ambayo aliyetangulia anaweza kumwondoa aliyemfuata. Programu hizi zilibuniwa kwa ajili ya watu wanaopanga harusi, wanaojadili mpira au wanaouza vitu vya mitumba, na kwa mambo hayo si vibaya kuwa na mwenye kundi. Zinapobebeshwa harakati ya watu laki moja, mtu aliyebofya kitufe cha kufungua kundi usiku mmoja kwa hasira anakuwa, bila kuchaguliwa na pengine bila kutaka, mwenye kauli ya mwisho.

Mwanzoni mwa 2021 kundi la Reddit liitwalo wallstreetbets, ambamo wawekezaji wadogo walihimizana kununua hisa za GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video, lilikuwa gumzo la dunia, na wanachama wake waliongezeka kwa mamilioni katika siku chache. Mapema Februari baadhi ya wasimamizi wa zamani, waliokuwa wameliacha kundi mikononi mwa wengine, walirejea na kuwaondoa wenzao waliokuwa wakilihudumia. Walioondolewa walidai kwamba waliorejea walikuwa wakifukuzia fedha za filamu juu ya mkasa ule. Foleni ya wasimamizi iliwaruhusu kufanya walichofanya, na mamilioni ya wanachama hawakuwa na chombo chochote cha kuwazuia. Aliyeingilia kati ni kampuni ya Reddit yenyewe, ikawavua madaraka baadhi yao. Watu waliojisifu kwamba ni jeshi lisilo na jemadari waliamuliwa ugomvi wao na kampuni inayomiliki jukwaa.

Kwetu kulikuwa na funguo za kundi la WhatsApp, nywila ya ukurasa wa Facebook, na nywila ya baruapepe iliyotumika kuufungua ukurasa huo. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wanachama hawakujua kuwa ipo. Anayeshika baruapepe anaweza kubadili nywila ya ukurasa wakati wowote, na anayeshika ukurasa ndiye harakati yenyewe mbele ya gazeti lolote litakalotafuta maelezo. Nilipendekeza orodha ya funguo na wanaozishika ibandikwe juu ya kundi, bila majina halisi, kwa lakabu tulizozizoea, na kila ufunguo uwe na watu wawili. Pendekezo halikupingwa na mtu. Halikutekelezwa vilevile. Wenye funguo hawakuona haja, na wasio nazo walikuwa wameshughulika na kazi waliyoiona muhimu zaidi, ya kumsaka pandikizi, yaani mtu wa kampuni aliyejifanya mwenzetu.

Pandikizi ni mhusika asiyekosekana katika harakati hizi, na nisingependa kumfanyia mzaha, kwa sababu wakati mwingine yupo. Mwezi Mei 2019 Facebook ilifuta akaunti, kurasa na makundi 265, ikizihusisha na kampuni ya Israel iitwayo Archimedes Group, na nyingi kati ya hizo zilijifanya sauti za wenyeji katika nchi za Afrika kama Nigeria, Senegali na Togo. Kama kuna watu wanaolipwa ili wajifanye wananchi wa kawaida wakati wa uchaguzi, mteja anayeshuku kwamba wapo pia wanaolipwa ili wajifanye wateja wa kawaida si mwendawazimu. Kikulacho ki nguoni mwako, waliandika wenzetu karibu kila jioni, na wahenga hawakusema hivyo bure.

Tatizo ni vipimo vilivyotumika kumtambua. Pandikizi, kwa mujibu wa mabango yaliyokuwa yakisambazwa kundini, ni mtu anayeomba ushahidi kabla ya kusambaza shutuma. Anayesema tuisikilize kampuni kwanza. Anayekaa kimya wakati wengine wanatukana. Anayetaka hesabu ziandikwe vizuri. Ukikusanya dalili zote utapata kwamba pandikizi ni mtu yeyote mwenye tahadhari. Matokeo yake yalionekana upesi: wenye tahadhari waliondoka mmoja mmoja, wengine bila kuaga, na waliobaki ni wale ambao sauti zao zilikuwa kubwa kiasi cha kutoshukiwa. Pandikizi wa kweli, kama alikuwapo, hakuwa na sababu ya kujificha nyuma ya upole. Angekuwa yule anayepaza sauti kuliko wote, anayependekeza kila siku hatua kali zaidi ya ile ya jana.

Silaha ya vita hivi ni picha za skrini. Mtu hunong'ona na mwenzake katika mazungumzo ya faragha, kisha wanakosana, na mnong'ono unabandikwa mbele ya kundi zima kwa jina la uwazi. Nimeona watu wenye akili timamu wakishangilia jambo hilo. Mimi naona kwamba kuvujisha na kuweka kumbukumbu ni vitu vinavyopingana. Kumbukumbu huwekwa kabla hakijatokea cha kugombania, kwa kila mtu, kwa kanuni ileile, na anayezungumza anajua kwamba maneno yake yanaandikwa. Picha ya skrini huchaguliwa na mtu mmoja, baada ya ugomvi, ikikatwa mahali panapomfaa, ili kumuumiza mtu mmoja. Kadiri kundi linavyokosa kumbukumbu, ndivyo picha za skrini zinavyopanda thamani, kwa kuwa ndizo kumbukumbu pekee zilizopo.

Ufaransa ilishuhudia hali hii ya kukosa kumbukumbu ikifika hadi ofisi ya waziri mkuu. Mwezi Mei 2018 Priscillia Ludosky alifungua mtandaoni ombi la kutaka bei ya mafuta ya magari ishuke, ambalo lilikuja kupata saini zaidi ya milioni moja. Tarehe 17 Novemba watu zaidi ya 280,000, kwa hesabu ya serikali, walitoka barabarani wakiwa na vizibao vya njano, vazi lililoipa harakati yao jina. Tarehe 26 ya mwezi huohuo watu wanane walitangazwa kuwa wasemaji, na mara wakakanwa na wengi ambao hawakukumbuka kuwachagua. Siku nne baadaye waziri mkuu Édouard Philippe aliwaalika. Walifika wawili. Mmoja alitoka baada ya muda mfupi, kwa sababu aliomba mazungumzo yarushwe moja kwa moja ili wenzake wote wayaone, akakataliwa. Wa pili alibaki akazungumza, ila jina lake halikutangazwa.

Watu hawa wawili wamenikaa kichwani kuliko vizibao vyote vilivyoonekana kwenye televisheni. Wa kwanza alitaka jambo liwe wazi na alikuwa tayari kuonekana. Kwa kuwa jambo halikuwa wazi, hakusema lolote kwa niaba ya yeyote. Wa pili alilisema jambo, lakini waliokuwa nje hawakuweza kujua kama alilisema sawasawa, wala wa kumuuliza hawakuwa naye. Kilichokosekana pale si ujasiri wala nia njema. Ilikosekana taarifa ya kikao iliyokubaliwa na pande zote mbili, ambayo kila mtu angeisoma bila kujali aliyekuwa kitini ni nani. Na usidhani kwamba yule aliyeficha jina alikuwa mwoga. Siku chache baadaye kundi jingine la wawakilishi liliahirisha kwenda kumwona waziri mkuu likisema limetishiwa, na waliotishia walikuwa vizibao wenzao. Februari 2019 Ingrid Levavasseur, muuguzi msaidizi aliyekuwa ametangaza orodha ya wagombea wa uchaguzi wa Ulaya, alizongwa na kutukanwa katika maandamano na watu waliovaa kizibao kama chake.

Upo mfano mchungu zaidi, ambao ingekuwa udanganyifu kuuacha. Agosti 2014 miongoni mwa wachezaji wa michezo ya video kulizuka kile kilichojiita uasi wa wateja, kwa madai kwamba waandishi wa habari za michezo walikuwa karibu mno na watengenezaji na hawakuutangaza ukaribu huo. Kilijulikana kwa hashtegi ya GamerGate. Dunia, hata hivyo, ilikijua kwa jambo jingine: vitisho na matusi waliyomiminiwa wanawake waliotengeneza au kuchambua michezo hiyo, baadhi yao wakalazimika kuyahama makazi yao. Wengi waliotumia hashtegi walijibu kwamba waliofanya hayo hawakuwa wenzao. Utetezi huo siukubali, ingawa naelewa kwa nini waliuamini. Hashtegi haina orodha ya wanachama, kwa hiyo haina namna ya kumfukuza mtu, na watu wasioweza kumfukuza yeyote hubeba kila kinachotendwa chini ya jina lao. Kulikuwa pia na kejeli ambayo wachache kati yao waliiona: walidai waandishi wataje marafiki zao na maslahi yao hadharani, huku wao wenyewe wakiandika kwa majina ya bandia katika majukwaa yasiyohifadhi chochote. Agosti 2015 tawi la chama cha wanahabari cha Marekani kiitwacho SPJ liliandaa mdahalo mjini Miami ili hoja ya maadili ya habari isikilizwe kwa utulivu. Mdahalo ulikatizwa na tishio la bomu, na ukumbi ukaondolewa watu.

Sasa fedha. Hapa sitakaa sana, kwa kuwa ndilo eneo ambalo jibu lake linajulikana tangu zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1844 wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliochoshwa na bidhaa zilizochakachuliwa, walifungua duka lao wenyewe, na miongoni mwa kanuni zao ilikuwa kwamba kila mwanachama ana kura moja na kwamba hesabu zinasomwa mbele ya wanachama mara kwa mara. Ushirika wa wateja duniani umesimama juu ya kanuni hizo. Umoja wa Ulaya nao una utaratibu wa ombi la wananchi, ambao unawataka waandaaji wawe angalau watu saba kutoka nchi wanachama saba tofauti, na watangaze kila mfadhili aliyetoa zaidi ya euro 500.

Utaratibu huo ulipitiwa na harakati ya wachezaji wa michezo ya video iitwayo Stop Killing Games, inayopinga kampuni kuzima michezo ambayo wateja wameshainunua. Ombi lilivuka saini milioni moja mwaka 2025, na mwezi Julai, wiki za mwisho za ukusanyaji, yakatolewa malalamiko kwa Umoja wa Ulaya, bila jina la mlalamikaji kufahamika, kwamba mwanzilishi wake, Ross Scott, hakutangaza mchango wake mwenyewe, yaani saa za kazi alizozitoa bure. Scott alijibu kwamba hakuwa mwandaaji rasmi na kwamba halipwi na mtu. Kinachonivutia ni namna malalamiko yenyewe yalivyoonyesha thamani ya kanuni iliyoandikwa. Kwa kuwa kilichopaswa kutangazwa kilijulikana na kilikuwa mahali ambapo kila mtu angeweza kukisoma, ubishi ulikuwa juu ya kifungu. Bila kifungu, ungekuwa juu ya Scott.

Mweka hazina wetu hakuwa na kifungu. Alikuwa mtu mwadilifu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita dada, na aliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka wakati tulipochangishana kumlipa wakili aliyetuandikia barua. Alipobanwa aonyeshe uwazi, alibandika orodha ya waliochanga pamoja na majina yao na kiasi cha kila mmoja. Waliochanga kidogo waliaibika, wasiochanga walisakamwa, aliyechanga zaidi akaulizwa fedha hizo amezitoa wapi, na hesabu yenyewe, iliyokuwa safi, haikusomwa. Angebandika jumla, risiti na salio, majina yangebaki mahali pake, na kundi lingekuwa limejua yote liliyohitaji kujua.

Kuna pingamizi moja nzito ambayo huletwa kila ninapoyasema haya: ukianika mambo yako, kampuni nayo inasoma. Ni kweli, na ipo mitego ambayo haitakiwi kutajwa kabla haijategwa. Mfanyakazi wa ndani ya kampuni aliyekupa nyaraka hapaswi kujulikana kamwe, na ushauri wa wakili ukishasambazwa kwa watu elfu kumi si siri tena mbele ya yeyote. Lakini nimeshuhudia pingamizi hiyo ikipanuliwa hadi ikafunika hata idadi ya wasimamizi. Kinachofichwa nacho kinaweza kuwa na utaratibu wake: kundi lijue kwamba kuna jambo limefichwa, lijue ni lakabu zipi zilizoamua lifichwe, na lijue litafunguliwa lini. Kampuni haipati chochote kwa kusoma kwamba barua ya wakili itabandikwa mwishoni mwa mwezi. Mwanachama anapata mengi.

Na upo uamuzi, ambao ni mgumu kuliko fedha. Juni 2023 wasimamizi wa maelfu ya makundi ya Reddit waliyafunga kwa pamoja, wakipinga kampuni kuwatoza watengenezaji wa programu za nje gharama ambazo ziliifanya Apollo, programu maarufu ya kusomea Reddit, ifungwe. Ilikuwa harakati ya watumiaji dhidi ya kampuni, bila makao makuu. Mkuu wa Reddit, Steve Huffman, aliupiga mgomo mahali palipouma: aliwafananisha wasimamizi na mabwana wa ardhi wanaorithishana mamlaka bila kupigiwa kura. Alikuwa na maslahi yake katika kusema hivyo, tena makubwa, na kampuni yake ndiyo iliyoutunga utaratibu aliokuwa akiulaumu. Hata hivyo maneno yake yalipata masikio kwa sababu wanachama wengi waliamka asubuhi wakakuta kundi lao limefungwa na hawakukumbuka kuulizwa. Palipokuwa na kura, hata kura ya ovyo, wasimamizi walikuwa na la kujibu. Baadhi ya makundi yalipiga kura kwamba yatafunguliwa lakini yatabandika picha za mchekeshaji John Oliver peke yake, na dhihaka hiyo ilikuwa na uhalali zaidi ndani ya kundi kuliko matamko mengi ya kishujaa, maana ilikuwa imepitishwa na watu.

Kampuni yetu ilipotaka kuzungumza, iliweka sharti kwamba wawakilishi wetu wasizidi wawili na kwamba kikao kisirekodiwe. Kundi liligawanyika palepale. Wapo waliotaka twende, kwa hoja kwamba nafasi hairudi. Wapo waliosema kwamba yeyote atakayekwenda ameshanunuliwa kabla hajafika. Tulipiga kura isiyo na majina, ya kwanza na ya mwisho tuliyowahi kuipiga, na matokeo yakawa ya tofauti ndogo: tusiende, tupeleke maswali kwa maandishi, na maswali yabandikwe siku ileile yanapopelekwa. Kampuni ilikaa kimya kwa muda ambao uliwapa wapinzani wa uamuzi huo kila sababu ya kutucheka. Kisha ikajibu kwa barua, ndefu na yenye kukwepa mengi, nasi tukaibandika nzima, pamoja na sehemu zisizotupendeza. Ada ilifutwa kwa wateja wapya. Kwa wa zamani iliendelea hadi mikataba yao ilipofika mwisho. Kama huo ni ushindi au hapana, ubishi unaendelea hadi sasa katika makundi mawili yasiyosalimiana, na kila moja limebandika nakala ya barua hiyohiyo juu ya ukurasa wake.